Mshairi Mbovu Kichwani Mwangu

Ta. Kisha kimya. Kisha mlio mrefu, kama mtu anafungua zipu ya begi taratibu.

Niliusikia kabla sijaona chochote. Macho yangu yalikuwa wazi, yameelekea mezani, lakini hayakuwa yanaona. Masikio ndiyo yaliyoniambia: kioo kinapasuka, na kinapasukia mkononi mwako.

Ndipo nikaona. Kioo cha kujitazamia, kirefu kunizidi, kilichoagizwa na mwenye saluni. Ufa ulianza pale nilipochora, ukaacha mstari wangu, ukapinda kushoto, ukakata kona nzima. Ndani ya kile kioo nilikuwa vipande viwili: kichwa huku, mabega kule.

"Umepitisha mara mbili," alisema Mzee Milimita.

Huyo ndiye bosi wangu. Jina tulimpa sisi mafundi, kwa sababu hana kipimo kingine duniani. Hata chumvi kwenye chakula huisema kwa milimita.

Kwa wasioijua kazi yetu: kioo hakikatwi kama mbao. Unachora mstari mmoja kwa almasi, kile kikatio chetu kidogo chenye ncha ngumu, kisha unakibonyeza kidogo pembeni, nacho kinaachia chenyewe pale ulipochora. Mstari mmoja tu. Ukirudia juu ya mstari uleule, kioo kinachanganyikiwa na kwenda kinakotaka. Hilo ni somo la siku ya kwanza. Hata Bubu, fundi mwenzangu, analijua.

"Nimepitisha mara moja," nilisema.

"Mara mbili," alisema Bubu. Tunamwita Bubu kwa sababu hajawahi kunyamaza. "Ulipitisha, ukasimama, ukautazama ukuta kama unasubiri basi, kisha ukapitisha tena. Nilikuita. Nilikuita mpaka jina lako likaisha utamu."

"Ukinyamaza siku moja unakufa?"

"Nakufa, ndiyo. Lakini kioo kingekuwa kizima."

Mzee Milimita hakufoka, na hapo ndipo nilipoogopa. Alinyoosha kiganja.

"Nipe almasi yako."

Bubu akanyamaza. Naapa, akanyamaza.

Kwenye karakana yetu almasi ya mtu haishikwi na mwingine. Kila mkono unaizoesha kwa namna yake, ukimwazima mwenzako anakurudishia kitu usichokijua. Kwa hiyo fundi hatoi almasi yake ila anapoacha kazi, au anapokufa na mkewe akaileta.

"Unanifukuza?"

"Nikikufukuza nitakuambia nimekufukuza. Mafumbo ni ya kwenu washairi."

"Sasa?"

"Nakutunzia. Nenda hospitali."

"Sina homa."

"Sijasema una homa."

"Naumwa nini, basi?"

Alinisogelea, akapunguza sauti ili Bubu asisikie, ingawa Bubu husikia hata sisimizi akikohoa.

"Sijui unaumwa nini. Ila nimekuona unavyovitazama vile vipande kwenye pipa la taka. Nimefanya kazi hii kabla hujazaliwa, kijana. Namjua mtu anayetazama kioo, na namjua anayetazama kitu kingine."

Nilitaka kumjibu. Mimi ndiye yule ambaye mdomo wake uliwahi kumtoa bwana mzima harusini kabla ya chakula. Nilitafuta neno la kumchoma, nikapekua kichwa chote. Hamkuwa na kitu. Nikaweka almasi kwenye kiganja chake.

Aliyekosa kunisoma wiki iliyopita kwenye safu hii ya gazeti asihangaike, mkasa wangu ni mfupi. Nilikuwa fundi vioo mchana na malenga jioni. Hakuna aliyenifundisha vina wala mizani. Nilijifunza peke yangu, nikihesabu kwa vidole, na nikawa naalikwa kila penye sherehe. Tangu mwanzo wa mwaka kitu kikanizima. Kwenye harusi ya mwisho nilishika kipaza sauti, nikafungua mdomo, ukatoka upepo. Watu wakadhani ni mbwembwe, wakapiga makofi. Mchumba wangu alivumilia, akachoka, akarudisha pete kupitia kwa mdogo wake. Sikulia. Ningeshtuka kwamba silii, kama ningekuwa na nguvu za kushtuka.

Na wewe uliyetuma ujumbe gazetini kwamba niache kudeka, nioge maji ya baridi: nilioga. Nilitetemeka, basi.

*

Daktari alikuwa dada kijana mwenye mafua makali kuliko wagonjwa wake wote. Leso moja mkononi, nyingine mezani inasubiri zamu.

"Una tatizo gani, kaka?"

"Mimi sina. Bosi wangu ndiye mwenye tatizo na mimi."

"Tumsaidie bosi, basi. Unalala?"

"Nani halali?"

"Sijakuuliza nani."

"Nalala. Naamka kabla ya jogoo, kisha natazama dari mpaka kuche."

"Unakula?"

"Nakula."

"Unasikia ladha?"

Nilifungua mdomo nimjibu kwa kejeli, nikajikuta nafikiri. "Kama karatasi," nilisema. "Natafuna tu ili mama asiulize."

"Kitu gani ulikipenda sana, na sasa hukitaki?"

"Mashairi."

"Umeyachoka?"

"Ukichoka kitu unakichukia. Siyachukii. Nayapita kama napita nyumba ya watu nisiowajua."

Akaandika. Aliniuliza kuhusu mwili, nikamwambia kunyanyua kikombe ni kama kunyanyua mlango. Akauliza kama kichwa kinashika mambo, nikamwambia kuhusu mstari nilioupitisha mara mbili.

"Hasira?"

"Hizo nilizaliwa nazo. Ni urithi wa ukoo."

Alicheka, akapiga chafya, akafuta pua. Nilianza kumpenda kidogo, na hilo likanikera.

"Na ukiwa peke yako unajiambia nini?"

"Hayo ni yangu."

"Nikikisia?"

"Kisia."

Aliweka kalamu chini. "Kwamba wewe ni mzigo. Kwamba hufai kitu. Kwamba watu wa nyumbani kwako wangepumua kama usingekuwepo. Na kwamba hali hii haitakwisha kamwe."

Nilisimama hadi kiti kikaanguka.

"Nani amekuambia? Bubu?"

"Bubu ni nani?"

"Nakuuliza, nani amekuambia?"

"Kaa, kaka."

Sikukaa. Yale yalikuwa maneno yangu. Neno kwa neno, kwa mpangilio uleule. Nilikuwa nimeyabeba miezi yote hiyo nikijua ni mimi niliyeyatunga, kwa akili yangu kali inayoona ukweli ambao wapumbavu hawauoni. Na sasa mtu mwenye mafua ananisomea.

"Hakuna aliyeniambia," alisema. "Nayasikia kila wiki kwenye kiti hicho. Wanakuja walimu, wanakuja askari, wanakuja mama wa watoto wadogo. Ugonjwa huu unaitwa sonona, na hauna ubunifu. Kila anayeingia hapa umemwambia yaleyale."

Niliokota kiti, nikakaa.

Sijui kama utanielewa, msomaji, kama hujawahi kutunga. Ukiniita maskini, sawa. Ukiniita mwenda wazimu, tutaongea. Lakini uniambie kwamba sauti iliyonitesa tangu mwanzo wa mwaka, iliyoninyima usingizi na chakula na mchumba, inarudia ubeti mmoja kwa watu wote, bila hata kubadilisha neno. Kwamba nimelazwa chini na mshairi mbovu, mwizi, asiyejua kutunga la pili. Hapo umenigusa penyewe.

Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilisikia kitu kifuani. Ilikuwa hasira. Lakini hasira niliyoijua, ile yangu ya zamani, yenye joto.

Daktari aliniacha nipumue. Kisha akasema, "Sasa nakuuliza wazi, na sitaki ushairi. Umewahi kuwaza kujiua?"

Niliitazama ile leso mezani.

"Ndiyo."

"Umepanga?"

"Hapana. Nimetazama tu. Nimewaza tu."

"Asante kwa kuniambia."

Hakuruka. Hakushika kichwa. Alisema kama mtu aliyepokea mzigo akautua sakafuni, tayari kuufungua.

Alinieleza. Sonona si uvivu wala kudeka. Si laana, si upungufu wa imani. Ni ugonjwa unaoshika usingizi, hamu, nguvu na mawazo, na unatibika. Dawa haifanyi kazi siku moja, huchukua wiki kadhaa, na nisije nikaiacha eti kwa sababu sioni tofauti. Kila wiki nirudi tuzungumze. Nikizidiwa nije saa yoyote, nisisubiri siku yangu.

"Na mtu mmoja nyumbani ajue," alisema. "Yote. Hata hilo la mwisho. Leo."

"Mama yangu ana presha."

"Ana presha, na ana mtoto. Mwambie."

*

Njiani, nikiwa na pakiti ya dawa mfukoni, mshororo ulinijia. Wa kwanza tangu mwaka uanze. Haukubisha hodi.

*Kama ni kunitukana, tukana kwa vina vyako.*

Nilisimama katikati ya njia, muuza viatu akanisukuma. Nikahesabu kwa vidole: nane, nane. Ulikuwa mzima. Nikautafuta wa pili. Haukuja, na uzito ukanirudia mabegani kama koti lililolowa. Lakini ule mmoja nilikuwa nao, na hakuna wa kunipokonya.

Nikakata kona ya kwetu. Mlangoni palikuwa na gari la baba mdogo, lile la kubebea mazao.

Ndani, begi langu lilikuwa sakafuni, limefungwa. Kaka yangu mkubwa alikuwa amesimama juu yake kama askari wa zamu. Tangu baba afariki, yeye ndiye mwenye neno la mwisho nyumbani. Anauza vipuri vya magari, na anaamini hakuna kitu duniani kisichotengenezwa kwa kukazwa. Baba mdogo alikuwa kwenye kochi, kofia magotini.

"Bubu amenipigia simu," alisema kaka. "Umenyang'anywa almasi."

"Imetunzwa."

"Imetunzwa. Haya. Unakwenda shambani kwa baba mdogo, leo. Jembe halina mashairi."

"Nimetoka hospitali, kaka. Nina sonona."

"Una nani?"

"Ndiye yule binti aliyekuacha?" aliuliza baba mdogo kwa upole.

"Ni ugonjwa, baba. Wa akili. Nimepewa dawa, na natakiwa kurudi kila wiki."

Nikaitoa pakiti mfukoni. Hilo lilikuwa kosa. Kaka aliichukua, akaisoma huku na huku kama kipuri cha bandia, akaiweka juu ya kabati.

"Baba alipokufa mimi nililala kitandani? Niliamka nikaenda kufungua duka. Sote tuna huzuni humu. Ya kwako tu ndiyo yenye jina."

"Huzuni naijua," nilisema. "Baba alipokufa nililia, nikala, nikacheka msibani Bubu alipokalia chai ya watu. Hii siyo ile. Hii hainiachi nilie. Siku nyingine nakitamani kilio kama mwenye kiu anavyotamani maji."

"Mwanaume hasemi hivyo."

"Mwanaume amesema. Umesikia mwenyewe."

"Na majirani wakisikia? Ukoo huu utaitwa nini? Nani atakuoza binti yake?"

"Aliyetaka kunipa ameshamchukua. Sina cha kupoteza."

Baba mdogo alikohoa akificha kicheko. Kaka alimtazama, akakificha vizuri zaidi.

Ndipo mama alipotokea uani, mikono inachuruzika maji ya kufulia.

"Dawa za nani hizo juu ya kabati?"

Kaka alinitazama. Macho yake yalikuwa yananiomba kitu, nami nilijua ni nini: tamka malaria, tamka kichwa, tamka chochote. Na ile sauti ikaamka, ikaanza ubeti wake uleule: utamuua mama yako, mzigo wewe, nyamaza.

Nikasema kwa sababu ilinikataza.

"Zangu, mama. Naumwa sonona. Na nimekuwa nikiwaza kujiua."

Bomba la uani lilikuwa linadondosha tone moja moja kwenye beseni. Tulilisikia sote.

"Usiseme hivyo mbele ya mama," alisema kaka.

"Nikasemee wapi?"

Mama hakuanguka. Niliingoja presha yake impande, haikumpanda. Alijifuta mikono kwenye kanga, akatembea mpaka katikati ya sebule, akalikalia begi langu. Alikaa juu yake kwa uzito wake wote, kama mtu aliyefika kwake.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Nilijua kuna kitu. Unatafuna chakula kama unanilipia deni. Nikadhani ni yule binti, nikasema atasahau." Kisha akaniuliza kile ambacho kaka hakuwa ameniuliza. "Daktari amesemaje?"

Nikamweleza yote, nikiwa nimesimama mbele yake kama mwanafunzi. Dawa, wiki kadhaa, kurudi, mtu mmoja ajue.

Baba mdogo alisimama, akavaa kofia.

"Mimi niliambiwa nakuja kumchukua mvivu," alisema. "Mvivu nina kazi naye. Mgonjwa sina hospitali ya kumpeleka, kule kwetu zahanati ni dirisha na muuguzi mmoja. Amueni. Nawasha gari, barabara ile haitaki giza."

Akatoka. Nilidhani nimeshinda. Nilimgeukia kaka nikiwa na maneno tayari, makali, yenye vina hata. Nikamkuta amemgeukia mama.

"Mnadhani namfukuza," alisema. Hakuwa anasema na mimi. "Mama, unadhani nimeita gari kwa sababu ya kioo? Bubu ameniambia huyu anavyotazama vile vipande. Ameniambia huku analia, Bubu yule asiyejua kulia. Kule shambani watu wako pamoja toka asubuhi hadi usiku, hawamwachi peke yake hata dakika. Hapa je? Mimi niko dukani. Wewe uko sokoni. Nani yuko na huyu?"

Kwa hiyo alijua. Tangu nilipoingia mlangoni, alijua. Ule ubishi wote wa majirani na ukoo ulikuwa kifuniko cha sufuria inayochemka.

"Kaka," nilisema.

"Nyamaza wewe. Namuuliza mama." Aliinama, akashika mkanda wa begi, mama akiwa bado amelikalia. "Akibaki, mama, mkononi mwako, na likatokea. Mimi narudi kutoka dukani nakukuta mlangoni. Utaniambia nini?"

Mama alifungua mdomo.

Mama yangu hajawahi kukosa jibu. Alimjibu kadhi, alimjibu mwenye nyumba, alimjibu baba alipokuwa hai, jambo ambalo halikuwa rahisi. Sasa alifungua mdomo na nilijua kinachotoka humo, kwa sababu mimi nimekitoa mbele ya umati mzima harusini. Upepo.

Nje, gari la baba mdogo lilinguruma.

Nilivuta stuli, nikapanda, nikachukua pakiti yangu juu ya kabati. Kaka hakunizuia, wala hakuachia ule mkanda. Nikapiga magoti mbele ya mama, nikaishika mikono yake. Ilikuwa ya baridi na ina harufu ya sabuni.

"Usimjibu, mama. Swali hilo si lako, ni langu. Yale maneno yakija, sitayasikiliza peke yangu tena. Nitakuita. Uwe uani, uwe sokoni, uwe na wageni hapa sebuleni, nitakuita kwa sauti mpaka mtaa mzima ujue kwamba mwanao ana sonona, na waseme watakavyo. Usipoitika nitamwita kaka dukani kwake mbele ya wateja. Naye asipoitika nitaita mpaka aitike yeyote. Sitanyamaza, mama. Nakuahidi."